Kumshukuru mwalimu wa utotoni: taja alichokifanya

Mwalimu wa darasa la pili humfundisha mtoto kusoma, akampandisha darasa la tatu, na habari za mtoto huyo zikaishia hapo. Hajui kama alimaliza shule. Hajui kama ile njia aliyoitumia kumtofautishia herufi b na d ilikaa kichwani au ilifutika likizo ilipoanza. Fundi hupita mbele ya nyumba aliyoijenga akaiona imesimama. Mwalimu wa watoto wadogo, matunda ya kazi yake hutokea miaka 15 au 20 baadaye, mahali ambapo yeye hayupo, kwa watu ambao sura zao zimekwisha kubadilika.

Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba shukrani kwa mwalimu ni taarifa kwanza, ndipo iwe heshima. Mwalimu anayeambiwa “asante kwa yote” hufurahi, lakini haambiwi kitu. Katika maelfu ya mambo aliyoyafanya mbele ya ubao, ni lipi lililofika? Lipi lilimgeuza mtoto, na lipi lilipita hewani? Yule aliyekaa dawatini ndiye mwenye jibu, na bila yeye kulisema, mwalimu hustaafu asijue.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwalimu mwenye darasa moja la watoto 40 kila mwaka, akikaa kazini miaka 30, atakuwa amepitiwa na watoto 1,200. Anayefundisha somo moja katika mikondo minne huwavuka 2,000 bila shida. Tuiweke akilini hesabu hii tangu mwanzo, maana ndiyo inayoeleza mambo mawili yanayowavunja moyo watu wengi: kwa nini mwalimu huenda asikukumbuke, na kwa nini barua yako, hata ikiwa fupi, haiwezi kuwa kitu kidogo kwake.

Kazi ya kwanza, tena iliyo ngumu kuliko zote, ni kukumbuka kwa usahihi. Wengi huanza na sura ya mwalimu, na kinachokuja ni sifa: alikuwa mpole, alikuwa mkali lakini mwenye upendo, alijitoa. Sifa hizo zinamfaa mwalimu yeyote wa popote. Ni afadhali kuanzia upande wa pili, kwenye mikono yako ya leo. Chukua karatasi uandike mambo matano au sita unayoyafanya bila kufikiri: unavyopanga tarakimu chini ya tarakimu unapojumlisha, unavyohakiki jibu la kugawanya kwa kulizidisha tena, unavyopumzika kwenye mkato unaposoma kwa sauti, unavyoandika tarehe juu ya ukurasa kabla ya neno lolote, unavyothubutu kusema “sijaelewa, nieleze tena” mbele ya watu. Kisha uliulize kila moja: nani alinionyesha hili kwa mara ya kwanza? Palipo na jina, pana barua.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba vitendo vilivyotugusa vilikuwa vidogo, na karibu vyote vilikuwa vya kitaalamu. Kwa mfano, kusubiri. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu huuacha kati ya kuuliza swali na kumrukia mwanafunzi mwingine au kulijibu wenyewe. Aliukuta ni kama sekunde 1, mara nyingi hata haifiki. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, wasiojibu kabisa wakapungua, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakaanza kuchangia. Sekunde 3 mbele ya darasa linalonyoosha mikono na kuguna ni muda mrefu sana kwa mwalimu. Kama ulikuwa mtoto mzito wa kujibu, na kuna mwalimu ambaye kwake uliweza, huenda siri yote ilikuwa hapo: alinyamaza akakungoja. Mwambie hivyo. Inawezekana yeye mwenyewe hajawahi kujua kwamba kule kunyamaza kulikuwa ni kufundisha.

Au chukua usahihishaji. Mtoto anakosa hesabu zote kumi za kutoa. Mwalimu mmoja anapiga mkasi kwenye kila moja, anaandika 0, anafunga daftari. Mwingine anafuata hatua kwa hatua na kuona kwamba 52 kutoa 27 mtoto ameandika 35, na kila swali limekwenda vivyo hivyo. Mtoto anatoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 kutoa 2 ni 5, na 5 kutoa 2 ni 3. Makosa siyo kumi. Ni moja tu limejirudia mara kumi, na dawa yake ni dakika chache za kuonyesha namna ya kukopa kumi moja kutoka tarakimu ya kushoto, ili 12 kutoa 7 iwe 5, na 4 kutoa 2 iwe 2, jibu likawa 25. Mtoto aliyepewa 0 bila maelezo huondoka akijua kwamba yeye ni mjinga wa hesabu. Aliyeonyeshwa kosa lake moja huondoka akijua kwamba ana kitu kimoja cha kurekebisha. Tofauti hiyo huenda na mtu hadi uzeeni, na ilifanywa kwa kalamu nyekundu, usiku, mwalimu akiwa na madaftari mengine 39 mezani.

Yapo mengine yasiyoandikwa kwenye andalio la somo. Mwalimu aliyeona kwamba mtoto fulani hunakili vibaya kutoka ubaoni lakini huandika vizuri anaposomewa imla, akashuku macho badala ya akili, akamhamishia dawati la mbele na kuwaita wazazi. Mwalimu aliyempa mtoto mchokozi kazi ya kugawa madaftari ili miguu yake ipate pa kwenda kwa ruhusa. Mwalimu aliyetunza dakika 10 za mwisho za kipindi kusoma hadithi kwa sauti, akakata mahali patamu ili kesho watoto wakimbie kurudi. Aliyeulizwa swali lisilo na jibu kichwani mwake akasema “sijui, nitalitafuta,” kisha kesho yake akaja nalo kweli. Hilo la kuja nalo ndilo lenye uzito. Na yule aliyejifunza kutamka jina lako sawasawa wakati wengine walikuwa wakilikata au kulicheka.

Tahadhari moja hapa. Kumbukumbu yetu hupenda tukio moja linalong’aa, na hulisahau zoezi la mwezi mzima lililolitangulia. Helen Keller, mtoto wa Kimarekani asiyeona wala kusikia, alipata mwalimu wake Anne Sullivan tarehe 3 Machi 1887. Siku inayosimuliwa na kila mtu ni ya tarehe 5 Aprili, pale kwenye pampu ya maji: maji yakimwagika juu ya mkono mmoja wa mtoto, mwalimu akamwandikia kwenye mkono wa pili herufi za neno “maji”, na mtoto akaelewa kwamba kila kitu kina jina. Lakini katikati ya tarehe hizo mbili kuna mwezi mzima ambao Sullivan alimwandikia herufi viganjani kila siku bila mtoto kujua maana yake, akichanganya kikombe na maji yaliyomo. Pampu ilifanya kazi kwa sababu ya mwezi ule. Kwa hiyo unapoandika “siku ile uliponiambia hivi nikaelewa,” ongeza na kile kilichokuja kabla: kwamba alikuwa amekwisha kukueleza kwa njia tatu nyingine zilizoshindikana, wala hakuchoka. Walimu wanajua vizuri thamani ya marudio. Wanachokikosa ni mtu mwingine aliyeyaona.

Ukumbusho wa utotoni pia huchanganya watu. Maneno ya mwalimu wa darasa la nne huingia kinywani mwa mwalimu wa darasa la sita, na maneno mengine hatukuwahi kuambiwa kabisa, tuliyajenga baadaye. Kabla ya kuandika, hakiki. Daftari la zamani, ripoti ya muhula yenye maoni ya mwalimu wa darasa, picha ya darasa yenye majina nyuma, au mwanafunzi mwenzio uliyekaa naye dawati moja. Muulize mwenzio swali lililo wazi, “nani alitufundisha kugawanya kwa njia ndefu?” wala si “ni mwalimu fulani, siyo?” kwa sababu swali la pili linapata “ndiyo” kwa urahisi mno. Ukibaki na shaka, andika “ninavyokumbuka.” Neno hilo halipunguzi shukrani hata kidogo, na humwachia mwalimu nafasi ya kusahihisha, jambo ambalo hatashindwa nalo.

Mfano bora tunaoujua wa shukrani za namna hii ni wa zamani sana. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliyaanza maandishi yake ya faragha kwa kuorodhesha watu waliomlea na kumfundisha, na mbele ya kila jina akaweka jambo alilolipata kwake. Kwa mwalimu wake wa sarufi, Alexander, hakutaja sarufi. Alitaja namna ya kusahihisha: kutomkatiza wala kumwaibisha mtu aliyekosea neno, bali kulitumia neno sahihi katika jibu lako, ili alisikie lilivyo. Mfalme mwenye majeshi alilikumbuka hilo. Na hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kupewa shukrani ile isipokuwa mwalimu yule. Hicho ndicho kipimo: barua ikiweza kutumwa kwa mwalimu mwingine kwa kubadilisha jina tu, haijawa tayari.

Kumtafuta mwalimu kunataka subira na adabu. Pa kuanzia ni shule yenyewe: ofisi ya mwalimu mkuu, ukitaja jina la mwalimu, somo, na miaka aliyokufundisha. Usitegemee kupewa namba ya simu wala anwani, na usikasirike ukinyimwa. Wanaokataa wanafanya vizuri. Omba badala yake waipokee barua yako na kumfikishia, au wampe mwalimu namba yako aamue mwenyewe. Shule ikiwa imefungwa au kumbukumbu zimepotea, nenda kwa walimu wenzake wa wakati ule, kwa chama cha walimu au cha wastaafu, na kwa wanafunzi wa madarasa yaliyo juu na chini ya lako, maana mara nyingi mmoja wao ni jirani au ndugu. Yanayokwamisha zaidi ni majina. Wanafunzi humjua mwalimu kwa jina moja, au kwa jina la utani ambalo halimo kwenye rejista yoyote. Walimu wa kike wengine hubadilisha jina la ukoo wanapoolewa au kuachika. Uliza jina kamili kwa wenzake, siyo kwa wanafunzi wenzio.

Kubandika mtandaoni picha yake na jina kamili ukiwauliza watu “nani anamjua?” ni njia ya haraka, nasi hatuipendi. Mtu mzima anayeishi kimya ana haki ya kupatikana kimya. Kama huna njia nyingine, andika jina la shule na miaka tu, wenye habari wakuandikie faragha.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha, maneno 250 hadi 400. Ikizidi hapo, mara nyingi umeanza kujisimulia wewe. Anza kwa kujitambulisha kwa njia itakayomsaidia: jina ulilotumia wakati ule, mwaka, darasa, na jambo moja la kukutofautisha na wengine 39, kama pale ulipokaa au ndugu yako aliyesoma hapo pia. Kisha kitendo chenyewe, kwa sentensi tatu au nne, kikiwa na kitu kinachoonekana: daftari, ubao, swali, maneno yaliyosemwa. Halafu kilikufanyia nini wakati ule, na kinakufanyia nini leo. Maliza. Usiweke ombi lolote ndani yake, hata dogo, hata la kusaidiwa kumpata mtu mwingine; ombi likiingia, barua nzima husomeka kama utangulizi wa ombi.

Linganisha. Sentensi hii haina makosa, na haina kitu: “Ulikuwa mwalimu wa kipekee ambaye mchango wako maishani mwangu hauwezi kuelezeka.” Sasa hii:

“Shikamoo Mwalimu. Nilisoma kwako darasa la tano, nilikaa dawati la pili karibu na dirisha, na dada yangu mkubwa ulimfundisha kabla yangu. Kila insha uliyonirudishia ilikuwa na swali moja pembeni, kwa mfano ‘Mvua hii ilinukaje?’ Hukuwa ukiniambia nimekosea. Ulikuwa ukiniuliza nilichokiacha. Nilianza kujiuliza maswali hayo kabla hujaniuliza wewe. Leo kazi yangu ni kuandika ripoti za ukaguzi wa majengo, na kabla sijatuma ripoti yoyote huirudia nikiuliza swali lako: nimeacha nini?”

Mchango unaosemwa hauelezeki, hapa umeelezwa kwa mistari michache. Tena mwalimu aliyepokea barua hii, akiwa bado kazini, anajua kesho afanye nini: aendelee kuuliza swali moja pembeni.

Barua iliyo maarufu kuliko zote za aina hii ni ya mwandishi wa Kifaransa Albert Camus. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, tarehe 19 Novemba alimwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers, Algeria. Baba yake Camus aliuawa vitani mwaka 1914, mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja, na nyumba ilikuwa ya kifukara. Germain alimpa masomo ya ziada bila malipo ili afanye mtihani wa kupata ufadhili wa sekondari, na alikwenda nyumbani kumshawishi bibi yake, aliyetaka mjukuu aanze kazi alete pesa. Barua ni fupi mno. Inasema kwamba habari za tuzo zilipofika, mtu wa kwanza aliyemfikiria baada ya mama yake ni mwalimu huyo, na kwamba bila ule mkono ulionyooshwa kwa mtoto maskini, bila mafundisho na mfano wake, hakuna lolote ambalo lingetokea. Barua ya Germain kwa Camus ya tarehe 30 Aprili 1959 imehifadhiwa hadi leo. Camus alikufa kwa ajali ya gari tarehe 4 Januari 1960, akiwa na miaka 46, mwalimu wake akiwa bado hai. Watu huharakisha shukrani kwa kuhofia umri wa mwalimu. Wa kwao wenyewe hawaufikirii.

Kinachowachelewesha wengi ni aibu. Wanaogopa kuonekana wanajipendekeza, wanahofia maneno hayatakaa vizuri, wanadhani mwalimu atashangaa wamefuata nini baada ya miaka yote hiyo. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018: waliwaomba watu waandike barua za shukrani na kukisia zitapokewaje, kisha wakawauliza waliozipokea. Waandishi walikadiria pungufu furaha na mshangao wa wapokeaji, na walikadiria kupita kiasi jinsi wapokeaji watakavyoona haya. Mwandishi anahangaika na ufasaha. Mpokeaji anaona nia njema tu. Kwa hiyo barua yenye kosa la herufi ni bora kuliko barua inayosubiri kukamilika. Upande wa pili, usiitarajie ikuponye wewe. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2005, waliwataka watu waandike barua ya shukrani na kuipeleka wenyewe kwa mkono. Furaha ya waandishi ilipanda sana, ikadumu takriban mwezi, kisha ikapungua. Kilichobaki baada ya hapo kiko kwa mwalimu, kwenye droo yake.

Ukiweza kwenda mwenyewe, nenda, lakini piga simu kwanza na kusema unakuja kwa nini. Mtu aliyestaafu akigongewa mlango na mgeni aliyevaa vizuri huwaza madeni au msiba. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Na kuna swali moja tunaloomba liachwe kabisa: “Unanikumbuka?” Hilo ni mtihani, na mtahiniwa ni mzee aliyefundisha zaidi ya watoto elfu moja. Akishindwa atafedheheka, na nusu ya ziara itapita akiomba radhi. Sema jina lako, mwaka, na darasa kabla hajalazimika kubahatisha, kisha mpe picha ya darasa kama unayo. Picha huleta majina yasiyokuja kwa maswali. Barua ichapishwe kwa herufi kubwa, au umsomee kwa sauti, halafu umwachie. Mwalimu aliyeanza kupotewa na kumbukumbu asisahihishwe: akikuita kwa jina la mwenzio, msikilize anavyomsimulia mwenzio, nawe utoe shukrani zako vilevile. Kwa yeyote yule, ukimaliza kusema lako, nyamaza. Atataka kuuliza habari za fulani na fulani, na hapo ndipo ujio wako unapokuwa na manufaa kuliko zawadi.

Zawadi iwe ndogo, na iwe na uhusiano na kile unachomshukuru. Pesa zinahitaji uangalifu. Ukimkuta mwalimu katika hali ngumu, kumsaidia ni jambo jema, lakini lifanye siku nyingine na kwa siri, pengine kupitia mtu wa nyumbani mwake. Bahasha ikikabidhiwa pamoja na barua, barua hugeuka kuwa maelezo ya sadaka, na heshima uliyokwenda kuirudisha unaichukua tena. Kwa mwalimu ambaye bado anafundisha, na hasa mwenye mwanao au ndugu yako darasani kwake, usitoe kabisa chochote chenye thamani. Shule nyingi zina kanuni kuhusu zawadi, na hata pasipo na kanuni utamweka pabaya. Kinachomfaa zaidi huyo ni nakala ya barua yako kwa mwalimu mkuu, ukimwomba iwekwe kwenye faili lake. Malalamiko ya wazazi huingia kwenye faili bila kuombwa.

Inafaa pia kusema wazi kwamba shukrani haijazi nafasi ya mshahara. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, imewekwa kukumbuka Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, na waraka ule unazungumzia maandalizi ya walimu, mazingira ya kazi, ukubwa wa madarasa na malipo. Anayeandika barua nzuri Oktoba kisha akaona ni sawa mwalimu wa leo kufundisha watoto 90 chumba kimoja, hajamwelewa mwalimu wake. Zile dakika za kufuatilia kosa moja la kutoa hazipatikani mbele ya madaftari 90.

Wako walimu waliotufanyia mema na mabaya kwa mkono uleule. Aliyekufundisha kusoma huenda ndiye aliyekupiga au kukudhalilisha mbele ya wenzio. Hakuna mwenye haki ya kukudai shukrani hapo, na kutokwenda kwake si ukosefu wa fadhila. Ukitaka kushukuru, shukuru kitendo kimoja, kwa mipaka yake: “Nilijifunza kusoma kwako, na hilo nakushukuru.” Usiongeze kwamba fimbo ilikujenga kama haikukujenga. Barua za namna hiyo huwafundisha walimu wengine jambo la uongo, na watoto waliopo darasani sasa ndio watakaolilipia.

Mwalimu akiwa amefariki, barua bado ina pa kwenda. Watoto wake wanamjua kama mzazi aliyerudi nyumbani amechoka na chaki mikononi. Mara nyingi hawajui alichokuwa akikifanya kutwa nzima. Waandikie yaleyale maneno 300, kitendo kilekile. Kama hana familia unayoweza kuifikia, mwandikie mwalimu mwenzake aliyefanya naye kazi, au shule, ukitaja jina lake kamili na miaka yake.

Darasa zima likitaka kushukuru pamoja, achaguliwe mtu mmoja wa kukusanya, kila mmoja alete sentensi tatu hadi tano zenye kitendo kimoja, na tarehe ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa nusu yao watachelewa. Mkusanyaji asizilainishe sentensi zifanane. Ishirini wakitaja jambo lilelile, ziachwe zote 20, maana kwa mwalimu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Hotuba ziwe mbili tu, na mwalimu asiombwe kujibu bila kutaarifiwa mapema.

Usipojibiwa, usiumie haraka. Wengine mkono umekuwa mzito, wengine hawajui waandike nini mbele ya maneno kama yale, na wengine barua haijawafikia. Subiri miezi mitatu, kisha muulize aliyekupa anwani kama ilifika. Mara moja inatosha. Weka nakala yenye tarehe. Na namba yako ya simu iandike chini ya barua yenyewe, chini ya jina lako kamili, siyo nyuma ya bahasha peke yake, kwa sababu bahasha hutupwa.